Pengo la Nguzo ya Tatu

Isabela alihesabu nguzo za baraza mara nne, na mara zote nne alipata sita. Vivuli vilivyolala juu ya sakafu vilikuwa saba.

Hakushtuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu wa Newala ndio kwanza ulikuwa unaachia, na mwanga wa namna ile humchezea mtu macho. Alichukua chaki, akachora mstari kuzunguka kila kivuli na kuandika saa pembeni, kama alivyofundishwa. Picha ya jengo huipigi siku unayofika. Unakaa na jengo kwanza. Unaandika jua linaingia wapi saa tatu, linahamia wapi saa tano, ukuta upi unang'aa na upi unafifia. Alipomaliza alirudi nyuma, akatazama. Alikuwa amechora saba.

Alitafuta mti unaoweza kutupa kivuli cha ziada. Mbele ya nyumba hapakuwa na mti, ni majani makavu tu mpaka barabarani. Na nyuma, baada ya kibanda cha mlinzi, ardhi ilikatika ghafla kushuka bonde la Ruvuma.

Mwaka ule wa tisini na tano mali za mashirika ya umma zilikuwa zinauzwa moja baada ya nyingine. Nyumba ile ilijengwa mwaka sitini na nane kwa ajili ya wageni wa shirika moja, na sasa ilikuwa na miaka minane tangu ifungwe. Aliyeinunua ni Bwana Oscar, mfanyabiashara aliyekulia Lukuledi, ambaye alitaka kuifanya hoteli. Alikuwa na wabia nje ya nchi, na wabia wale walisema: tuletee picha, picha za kitaalamu, tuione. Ndipo akamfuata Isabela kwenye studio yake karibu na stendi ya Masasi.

Isabela alikubali kabla Bwana Oscar hajamaliza kueleza. Miaka ishirini alikuwa akipiga picha za vitambulisho na maharusi, na tangu picha za rangi zilipozagaa, na kila kijana akatembea na kamera shingoni, benchi la nje ya studio lilikuwa halina mtu. Lakini si hilo tu. Usichana wake ulikuwa Lulindi, na padri mmoja wa misheni, mpenda kupiga picha za makanisa, alimfundisha kazi ya majengo na kumwachia kamera kubwa ya mbao, ile ya kufunika kichwa kwa kitambaa cheusi. Ilikuwa imelala sandukuni miaka yote hiyo. Sasa ilikuwa imesimama uwanjani, juu ya miguu yake mitatu, ikiitazama nyumba. Picha zilipangwa kupigwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mlinzi wa nyumba, Mzee Awadhi, alikuja na fagio lake.

"Shikamoo, Mzee Awadhi," alisema Isabela.

"Marahaba, Mama Ethel. Ukungu haukukusumbua?"

"Umeachia. Mzee, hapa baada ya nguzo ya pili pana pengo. Nguzo ya tatu ilianguka?"

Awadhi aliegemea fagio lake. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwembamba. Shirika lilipokufa hakuna aliyemwambia aondoke, kwa hiyo akaendelea kufagia. "Haikusimama hata siku moja," alisema.

"Sasa boriti hapo inashikwa na nini?"

Awadhi aliinama akaendelea kufagia. Isabela aliomba ngazi, akapanda, akaweka pima maji juu ya boriti. Juu yake kulikuwa na paa la vigae, vigae vizito vya zamani, na nafasi kutoka nguzo hadi nguzo ilikuwa mara mbili ya zile nyingine. Ilipaswa kulegea. Kiputo cha pima maji kilisimama katikati kabisa, boriti imenyooka.

"Imeshikwa," alisema Awadhi kutoka chini, kwa sauti ndogo. "Mama Ethel, nakuomba. Hapo hapawekwi kitu. Hata kiti. Mimi nikifagia napita pembeni."

Isabela alishuka. Alipokanyaga sakafu pale penye pengo, alihisi ubaridi ukimpanda kwenye nyayo, ubaridi wa mahali pasipopata jua, na jua lilikuwa linapiga pale pale.

Alasiri Bwana Oscar alifika na gari lake. Walisimama wote wawili uwanjani, wakaitazama nyumba kwa mbele. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, madirisha yameoshwa, mapazia ya kuazima yametundikwa. Ilikuwa nyumba nzuri. Lakini jicho lilikimbilia pale pale kwenye pengo, kama linavyokimbilia jino lililong'oka kwa mtu anayecheka.

"Watasema nimenunua gofu," alisema Bwana Oscar.

Isabela ndiye aliyesema. Baadaye hakumsingizia mtu mwingine. "Tunaweza kuweka nguzo ya plaiwudi. Ya siku moja tu, tuipake rangi nyeupe. Kwenye picha hakuna atakayejua."

Alhamisi mchana fundi Vitalis, seremala wa sokoni, alileta nguzo ile begani, nyepesi kama boksi tupu. Awadhi alipoiona aliweka fagio chini.

"Bwana Oscar, tafadhali. Nimekaa hapa tangu jiwe la kwanza. Hiyo usiiweke."

"Mzee Awadhi." Bwana Oscar hakuwa mkali, alikuwa amechoka. Kila alichokuwa nacho alikitia kwenye nyumba ile. "Nimekwambia kazi yako ipo. Sikufukuzi. Lakini kama kila pembe ya nyumba hii ina mwiko wake, hoteli nitaifungua lini? Shika ngazi."

Awadhi akashika ngazi. Aliishika kwa mbali, nyayo zake nje ya pengo.

Nguzo iliposimama na Vitalis akapiga kabari ya mwisho juu, harufu ilitokea. Ilikuwa harufu ya mti mbichi, mti unaokatwa wakati huo huo, utomvu bado unatoka.

"Nani anakata mti?" aliuliza Vitalis.

Papo hapo ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, kitu kizito kilipiga hatua. Hatua moja tu. Vikombe vilivyokuwa kwenye meza ya baraza viligongana.

Jioni ile Isabela alikula kwa mke wa Awadhi, Mama Kibibi, kwenye kibanda cha nyuma alikopewa chumba. Mama Kibibi aliongea huku akigeukia mlangoni kila mara.

"Baba Kibibi alikuwa kibarua wakati inajengwa. Pale barazani ulikuwa msolo mkubwa, mti wa matambiko, wazee walikuwa wanaweka unga wa mtama shinani. Wahandisi wakaukata. Wakasimamisha nguzo, ya tatu ikaanguka. Wakaisimamisha tena, ikaanguka. Mara ya tatu ikamwangukia mtu mguu. Ndipo fundi mmoja mzee akaenda pale na unga, peke yake, akaongea na lile lililokuwa likikaa mtini. Alirudi akawaambia wenzake: wekeni boriti, msiweke nguzo. Amekubali kusimama mwenyewe."

"Nani amekubali?"

Mama Kibibi akamshika mkono. "Sikiliza."

Jua lilikuwa linazama. Ndani ya nyumba kubwa hatua zilikuwa zinatembea, polepole, kutoka chumba hadi chumba. Zilifika kwenye kila mlango zikasimama, na kila ziliposimama mbao zililia kidogo, kama mtu anaweka bega chini ya kizingiti, anajaribu uzito wake, anauacha, anakwenda kwenye mlango unaofuata.

"Tangu niolewe sijawahi kulisikia likitembea," alinong'ona Mama Kibibi. "Halikuwa na haja ya kutembea."

Isabela alikuwa mtoto wa katekista. Alisali sala zake zote alizozijua, na kulipokucha alijiambia kwamba ni panya, ni mbao kuukuu zinazopoa, ni woga wa nyumba ngeni. Kazi ilikuwa kesho. Ijumaa ilikuwa siku ya kujaribu kamera, na alitaka kujaribu.

Saa nne kasorobo, jua lilipokuwa limekaa sawasawa usoni mwa nyumba, aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi.

Katika kioo cha kamera ile kila kitu huonekana kichwa chini miguu juu. Mtu akizoea hasumbuki. Isabela aliona vigae chini na uwanja juu, akaona nguzo saba nyeupe zikining'inia kwa mpangilio mzuri, akafurahi. Akasogeza lenzi kupata ukali wa picha. Ndipo alipoona kitu cha nane.

Kilikuwa cheusi, chembamba, kirefu kama nguzo zenyewe, na kilisimama karibu na nguzo ya kwanza kwa namna mtu anavyosimama karibu na mwenzake anayetaka kumuuliza jambo. Alifuta kioo kwa kiganja. Kikahamia nguzo ya pili. Hakukiona kikitembea, kilikuwa huku, kisha kilikuwa kule, na alitaka kutoa kichwa nje lakini shingo ilikataa, na pumzi yake mwenyewe ilikuwa inamrudia usoni chini ya kitambaa, ya moto, yenye harufu ya utomvu, na kile kitu kikapita nguzo ya plaiwudi bila kuigusa, kikaenda ya nne, ya tano, ya sita, kikifika kinasimama, kikisimama kinainama kama kinasikiliza, mpaka kikafika mwisho wa baraza ambako Mzee Awadhi alikuwa ameingia na fagio lake, amegeuza mgongo, anafagia taratibu, anapita pembeni kama siku zote, na kile kitu kikasimama nyuma yake, kirefu kuliko yeye mara mbili, kikainama, kikainama zaidi, kikamwingia kama mkono unavyoingia kwenye shati.

Isabela alipiga kelele, akakirusha kitambaa. Barazani alimwona Awadhi peke yake, akitembea wima, hatua zake nzito zikitikisa sakafu. Alifika kwenye nguzo ya plaiwudi, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaruka ngazi tatu za baraza, ikatua uwanjani. Akaingia mahali pake, akageuka kuelekea jua, akainua mikono miwili na kuweka viganja chini ya boriti.

Boriti ilikuwa juu sana kwa mtu wa kimo chake. Lakini viganja vilifika.

"Baba Kibibi!" Mkewe alitoka mbio jikoni. Alimkumbatia kiunoni, akamvuta. Awadhi hakusogea. Vitalis na Bwana Oscar, waliokuwa ndio kwanza wanafika, waliruka kutoka kwenye gari kusaidia. Walipomvuta wote watatu, paa lililia, mlio mrefu kutoka ncha hadi ncha, na vigae viwili vikaanguka na kupasuka miguuni mwao.

"Mwacheni!" alisema Isabela. "Mwacheni. Ndiye anayelishika."

Macho ya Awadhi yalikuwa wazi, yanatazama mbali. Hakuwa na jasho. Damu nyembamba ilianza kumtoka puani.

Vitalis alileta magogo mawili ya kuegemeza. Walisimamisha la kwanza kando ya Awadhi, wakapiga kabari. Likapasuka katikati, kama kuni ya muhogo. La pili likapasuka hata kabla hawajaliachia. Mama Kibibi hakungoja la tatu. Alipanda nyuma ya baiskeli ya jirani, akaenda kumleta mganga, Bibi Mwanakombo.

Bibi Mwanakombo alifika saa nane, mkongwe, amekaa juu ya baiskeli na kibuyu chake mapajani. Hakuleta ngoma wala udi. Alimtazama Awadhi, kisha akatazama sakafu chini ya nyayo zake. Saruji ilikuwa imepasuka, na miguu ilikuwa imezama mpaka kwenye vifundo.

"Hatafika magharibi," alisema. "Mwili wa mtu haukuumbwa kwa kazi hii." Akamwaga unga wa mtama mbele ya miguu ya Awadhi, akachuchumaa kwa shida, akaongea kwa Kimakonde cha zamani, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi.

Jibu lilitoka kinywani mwa Awadhi, na midomo yake haikucheza.

"Anasema," alitafsiri Mama Kibibi huku analia, "anasema aliombwa asimame, akasimama. Jua lake, mvua yake, akasimama. Hakudai kitu. Sasa amewekewa mwingine mahali pake, na mwingine mwenyewe ni mtupu ndani. Anauliza kosa lake ni lipi."

Bwana Oscar alikaa chini kwenye majani, kichwa mikononi.

"Hukukosa," alilijibu Bibi Mwanakombo. Lakini sauti ilikuwa inaendelea, na Mama Kibibi akaacha kutafsiri, akageuka polepole kumtazama Isabela.

"Anasema hataki kuongea na sisi. Anataka yule mwanamke aliyefunika kichwa kwa kitambaa cheusi. Yule aliyemwona."

Isabela alipanda ngazi zile tatu. Alisimama mbele ya Awadhi, akaona kwamba mishipa ya shingo ya mzee ilikuwa imekakamaa kama kamba za hema, na mifupa ya mikono ilikuwa inatoa mlio mdogo, kkk, kkk, mlio wa mti kabla haujavunjika.

"Mimi ndiye," alisema. "Mimi ndiye niliyesema ile nguzo iwekwe. Si mzee huyu. Yeye alinikataza. Nilitaka picha yangu ipendeze. Nisamehe."

Sauti ikasema maneno machache, na safari hii ilisema kwa Kiswahili.

"Nikiachia, nani atashika?"

Isabela alimtazama Bwana Oscar kule uwanjani. Nyumba haikuwa yake kuiamulia. Aliitazama, kuta zake nyeupe, madirisha yaliyooshwa, kamera iliyosimama ikingoja kesho, kazi aliyoingoja tangu usichana. Bwana Oscar aliinua kichwa. Alikuwa amesikia swali. Alitazama damu kwenye kanzu ya mlinzi wake, akafumba macho, na kwa kichwa akakubali.

"Hakuna," alisema Isabela. "Hakuna atakayeshika. Umeshika vya kutosha. Iachie ianguke."

"Ianguke?"

"Ianguke."

Kitu kikatoka katika baraza lile, pumzi ndefu kama ya mtu anayetua mzigo mwisho wa safari. Viganja vya Awadhi vikashuka. Akachomoa mguu mmoja, akachomoa wa pili, akamshika Isabela mkono kama mtoto, wakashuka ngazi pamoja, moja, mbili, tatu, na hatua nne uwanjani. Ndipo boriti ilipokatika nyuma yao. Vigae vyote vya baraza vilishuka kwa mkupuo, nguzo zikafuata, na ukuta wa mbele ukachanika kutoka dirisha hadi dirisha. Vumbi la chokaa likafunika jua. Lilipotulia, Awadhi alikuwa amelala mapajani mwa mkewe, anapumua, analia bila sauti.

Bibi Mwanakombo alitembea mpaka ukingoni, nyuma ya nyumba, akamwaga unga uliobaki kuelekea bondeni. "Kuna msolo kule chini, mkubwa, haujaguswa," alisema aliporudi. "Nimelionyesha. Kama limekwenda, sijui. Sijasikia likinijibu."

Bwana Oscar hakumlaumu mtu. Alimpeleka Awadhi hospitali kwa gari lake mwenyewe, na daktari akakuta mifupa ya mabega yote mawili imepasuka. Wakafunga bandeji, wakamrudisha alale nyumbani.

Jumamosi, siku iliyokuwa ya picha, Isabela alifunga kamera sandukuni mapema. Gari la kushuka Masasi lilikuwa linapiga honi barabarani, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kifusi hakikuonekana. Mama Kibibi alikuja kumsindikiza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Amelala tangu jana, hajafumbua macho." Alitazama nyuma, kibandani. "Lakini alfajiri aliongea usingizini, Mama Ethel. Kwa sauti mbili. Moja inauliza, moja inajibu."

"Inauliza nini?"

"Unakaa wapi. Yule mama wa kitambaa cheusi, kwake ni wapi."

Honi ililia tena. Isabela alishika mpini wa sanduku kwa mikono miwili. "Na ya pili?"

"Ya pili ilikuwa sauti ya mume wangu. Usimchukie, hakujua anachosema. Alitaja Masasi. Alitaja stendi." Mama Kibibi alikaza kanga yake kifuani. "Nilitaka kumziba mdomo nikachelewa."

"Liliuliza kwa hasira?"

"Hapana. Na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Liliuliza kwa adabu, mwanangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayetafuta kazi."